Niliwawekea wakwe wa Poland nyimbo za Kiingereza pale Kibosho, wakanitazama tu

Wakuu, nawasalimu wote, mlioko Moshi na mlioko mbali na migomba. Haya yalinikuta mwenyewe mwezi uliopita na mashahidi wapo, wengine mpaka leo wananicheka. Sijaongeza chumvi.

Mimi ni DJ wa harusi. Nina spika zangu, laptop na jenereta, na nilikuwa najisifu kwamba hakuna ukoo nilioshindwa kuuinua kwenye viti. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Binamu yangu Neema alikuwa anaolewa na Marek, kijana wa Poland aliyekuja kufundisha Moshi akanogewa. Sherehe ilikuwa nyumbani kwa bibi yetu, Kibosho, juu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mchana kweupe, maturubai katikati ya migomba.

Asubuhi Neema akanivuta pembeni.

"Kaka, mama yake Marek hajacheka tangu ashuke kwenye ndege. Kiingereza hajui, Kiswahili ndiyo kabisa. Naogopa hanitaki. Marek anasema ndivyo alivyo, ila mimi namwona. Mchangamshe, nakuomba."

Nikamjibu, "Mdogo wangu, wazungu niachie mimi."

Nilikuwa na folda nzima ya nyimbo za wazungu. Zote Kiingereza! Kichwani mwangu mzungu ni mzungu tu. Mngeniuliza Poland iko wapi ningewaambia ni mtaa wa pili kutoka London.

Kwa wasiojua harusi zetu: wakati wa zawadi, kila kundi linaingia likicheza, kutoka mlangoni mpaka meza ya maharusi, na DJ ndiye anayelichagulia wimbo. Ukoo ukiingia umepooza utasemwa mpaka watu wapande tena nyumbani Krismasi.

Zamu ya wakwe ikafika. Walikuwa saba, mama mkwe mbele na kifurushi chake. Nikaachia wimbo wa Kiingereza ambao mjini huwa unabomoa ukumbi.

Wakuu, walitembea kama wanakwenda kupokea komunyo.

Nikabadilisha. Wapi! Nikabadilisha tena. MC akanikata jicho. Mama mkwe macho chini, na Neema pale mezani ameshaanza kujifuta macho. Mimi jasho, na baridi ya Kibosho mnaijua.

Akaja mezani kwangu Ola, dada yake Marek. Huyu Kiingereza anakijua vizuri.

"Mama hajui hata wimbo mmoja kati ya hizi. Kwa nini huweki zetu?"

"Zenu si ndiyo hizi?"

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanipa shule ya bure. Yeye amesoma Uholanzi, akasema huko ukiwasha redio ni Kiingereza asubuhi mpaka jioni na hakuna anayeshangaa. Akaishi Italia, huko mtu yuko kwenye foleni ya magari anaimba Kiitaliano kwa sauti yote, madirisha wazi. Kwao Poland vijana wanachanganya, lakini mama yake akiosha vyombo redio ya jikoni ni Kipolandi tu. Nyimbo za mapenzi, za kuchezeka, kinanda kingi.

"Na kwenye harusi za kwetu," akasema, "mama ndiye wa mwisho kukaa."

Nikamwomba MC awarudishe mlangoni, aseme mitambo ilileta shida. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, ila Ola alikuwa na nyimbo kwenye simu yake. Nikachomeka waya.

Kinanda kikaingia, ngoma zikafuata, jamaa akaanza kuimba sijui nini.

Mama mkwe akainua kichwa. Kifurushi akamtupia mjomba wa Marek, akashika kiuno, akaja! Anazunguka, anapiga kelele, anaimba kila neno. Alipofika mbele akamtoa Neema mezani, akamzungusha mpaka shela ikaanguka, akambusu mashavuni mara tatu. Neema analia na kucheka kwa pamoja. Na mimi nililia, sitaki kuficha. Wachagga wote wamesimama, wanaitikia kiitikio cha Kipolandi wasichokijua, kwa nguvu zote.

Nilijua nimemaliza kazi. Kumbe bado.

Mama mkwe akaja mezani kwangu anahema, akamwonyesha bibi yetu kwa kidole, akasema maneno yake. Ola akanitafsiria: "Anasema wimbo wetu mmeucheza. Sasa anataka kucheza wa huyu bibi, wa lugha yake."

Nikaingia kwenye laptop. Bongo Fleva zipo. Za Nigeria zipo. Amapiano, Kiingereza, Kifaransa cha Kongo, vyote vipo.

Kichagga chetu? Hakuna hata mmoja.

Nikaenda kwa Bibi, nikainama. "Bibi, samahani. Wa kwetu sina."

Akasema, "Basi zima mitambo yako, mjukuu wangu."

Akaanza mwenyewe, amekaa kwenye kiti, anapiga makofi. Mstari wa pili mama zetu wakadaka. Mstari wa tatu ukoo mzima uko katikati, na mama mkwe amemshika Bibi mkono, tayari ameiweza hatua. Mimi, mjukuu wa nyumba hiyo, nilikuwa nyuma yao nachezesha mdomo kwa sababu maneno siyajui. Bibi alinikamata, akacheka kuliko siku zote nilizomwona.

Wakuu, Ola aliponisimulia niliwahurumia Waholanzi kwa kusikiliza Kiingereza mchana kutwa, wakati playlist yangu haina neno moja la bibi yangu. Siku hizi kabla ya harusi nauliza kila familia: mama akiosha vyombo anasikiliza nini? Na Jumapili napanda Kibosho na simu, Bibi anaimba, narekodi. Tumefika wimbo wa nne, na ananisahihisha matamshi bila huruma.

Sasa nanyi fungueni simu zenu hapo mlipo, mniambie bila aibu: wimbo wa lugha ya bibi yako upo?