Mteja wa Siri na Mume wa Vivian

Alhamisi, tarehe 12 Machi 2026. Manyunyu ya asubuhi yalikatika kabla ya adhuhuri, na jua likawaka juu ya msururu wa malori ya Malaba.

Rosebella, mjane kutoka Marachi na mwimbaji wa kwaya ya kanisa, aliingia katika hoteli moja ya mapumziko yenye kasino, akakaa mezani kama mgeni yeyote. Kumbe alikuwa kazini. Kampuni moja ya Kisumu humtuma kama mteja wa siri: ale, acheze mashine kidogo kwa pesa zao, asimwambie mtu, kisha aandike jinsi alivyohudumiwa. Kazi hiyo ina utamu wake. Hula samaki mzima bila kulipa, na huitwa madam na watu ambao sokoni wangempita tu. Lakini hula peke yake, na waumini wawili walishamwona akitoka kasino huko Busia bila yeye kuweza kujieleza. Tena mwaka jana msichana mmoja alifutwa kazi kwa ripoti yake. Ilikuwa ya kweli, lakini ilimnyima usingizi.

Mhudumu akaja na menyu. Walipotazamana, wote wawili waliganda. Alikuwa Ejoku wa Adungosi, mume wa binti yake Vivian. Rosebella alijua kijana amepata kazi Malaba. Hakujua ni hapo. Mkwe kumpakulia mama mkwe na kusimama akimtazama akila ni jambo lisilofanyika, si kwa Waluhya wa kwao Rosebella wala kwa Wateso wa kwao Ejoku. Rosebella akavuta leso kichwani, akageukia ukuta. Ejoku akajibanza nyuma ya nguzo.

Wakakaa hivyo. Meza za jirani zikaanza kucheka.

"Ejoku, huyo mama anauma?" meneja akauliza kwa sauti. "Mteja anakauka hapa na wewe umekumbatia nguzo. Hata mwezi hujamaliza. Nikisikia lalamiko moja tu, leo unarudi Adungosi."

Rosebella aliinuka mezani. Ripoti yake ndiyo ingekuwa lalamiko hilo, na Vivian alikuwa mjamzito. Akatoka uani, akampigia simu Apeduno, msimamizi wake katika kampuni, akamweleza.

"Mkwe kabisa?" Apeduno akauliza. "Yule wa kuleta ng'ombe wa mahari?"

"Alileta watano."

Apeduno alicheka mpaka akakohoa. "Mama, kanuni inasema ukimjua mfanyakazi unajiondoa. Jiondoe. Malipo ya leo hakuna, lakini ripoti pia hakuna. Mimi mkwe wangu nikimwona sokoni narudi nyuma."

Rosebella akashusha pumzi. Bado kulikuwa na meneja. Akarudi ndani, akamwendea.

"Boss, huyo kijana hana makosa. Ameoa kwangu."

Meneja, Mluhya wa Nambale aliyeijua mila hiyo, akashika kichwa. "Wewe Ejoku, si ungesema tu?"

"Ningesemaje, boss," sauti ikatoka nyuma ya nguzo, "na yeye anasikia?"

Meneja naye akacheka, akamtuma Ejoku kwenye meza za bustanini, na neno la kufukuzwa halikutajwa tena. Rosebella alirudi nyumbani na njaa, lakini kwa moyo mwepesi.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akipalilia njugu Vivian alipompigia simu.

"Mama, Ejoku anasema ulikuwa kasino. Ulifuata nini huko?"

"Kwani siku hizi mkwe anaangalia mama mkwe anaenda wapi?"

Rosebella akakata simu, akaitia mfukoni, akaendelea kupalilia.