Nililalamikia tozo ya mafuta kwenye tiketi ya ndege, kumbe kijijini mimi ndiye shirika la ndege

Wakuu, habari za muda huu.

Hiki kisa ni changu, hakuna cha rafiki yangu wala jirani yangu. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri kidogo.

Mimi ni dada mkubwa kwa wadogo watatu. Wazazi walitutoka wakiwa wamefuatana, mimi nikiwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikashika mashine ya kusaga aliyoiacha baba, hapa Kang'ata, Handeni. Ni ya dizeli. Ikiwaka, kuku wa nyumba ya nne wanakimbia.

Mashine hiyo ndiyo iliyosomesha wote. Aliyebaki ni Rehema, kitinda mimba, anayekaa kwa shangazi yetu Kilole, Korogwe.

Mwaka huu Rehema kapata nafasi ya kusoma uuguzi India. Ada na malazi chuo kinalipa. Tiketi ya ndege, mnajitegemea.

Nikasema hiyo ndogo. (Wakuu, nilikuwa sijawahi hata kuulizia bei ya tiketi ya ndege. Nilidhani ni kama basi, ila refu.)

Nikafunga safari hadi Korogwe. Mimi na Rehema tukaingia kwa wakala wa tiketi, chumba kimoja jirani na duka la vitenge. Kijana akabonyeza kompyuta, akatoa karatasi. Nauli nikaiona, nikapumua. Chini yake kuna mstari mwingine, nusura ulingane na nauli yenyewe.

"Hii nini?"

"Fuel surcharge, dada. Nyongeza ya mafuta."

"Mafuta si yameshuka?"

"Yameshuka."

"Sasa?"

"Wao wanasema haya wanayotumia waliyanunua kabla hayajashuka."

Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia kijana, mimi dizeli naishika kwa mikono yangu. Kila mwezi bei mpya zikitangazwa redioni nazima mashine nisikilize. Usinifundishe mafuta! Yakipanda mnapandisha siku hiyo hiyo, yakishuka mnakuwa na kumbukumbu za mafuta ya zamani! Huo ni wizi wa mchana!

Watu wa duka la vitenge wakaja mlangoni kuangalia. Nikaongeza sauti, maana nimepata hadhira.

Kijana wa watu akanijibu kwa upole, "Dada, mimi nakata tiketi tu. Ndege siyo yangu." Akanishauri nisivuke wiki mbili, kwa sababu nafasi za bei ile zinaisha na chuo kinafungua.

Rehema muda wote kainamia kandambili zake, mabega yanatikisika. Nikajua mtoto analia, safari inamponyoka. Nikamshika mkono tukatoka, roho inaniuma. Pesa niliyobeba ilitosha nauli, haikutosha mstari wa chini.

Wakuu, kabla sijaendelea, kuna kitu sijawaambia.

Mwaka ule dizeli ilipopanda sana, niliona aibu kupandisha bei ya kusaga. Akina mama wa hapa ukiwaongezea hata mia moja wanakutangaza mpaka kijiji cha pili. Nikaja na ubunifu. Nikapiga msumari ukutani, pembeni ya mashine, nikatundika kikombe chekundu cha plastiki. Kila debe la mahindi, kabla halijamwagwa mashineni, nachota kikombe kimoja. Nikakiita "kikombe cha mafuta". Nikawaahidi dizeli ikishuka nacho kinashuka.

Dizeli ikashuka.

Kikombe hakikushuka. Akiuliza mtu namjibu, "Hii dizeli niliinunua kabla haijashuka." Dumu langu ni la lita ishirini, wakuu. Halimalizi siku nne. Nililisingizia miezi saba.

Tena kile cha kwanza kilipopasuka nilinunua kingine. Kwa bahati mbaya dukani vilibaki vikubwa tu.

Basi nimerudi Kang'ata, kesho yake foleni ya ndoo iko mlangoni, nikaanza kuwasimulia akina mama dhuluma ya watu wa ndege. Nilisimulia vizuri, nisiwafiche. Nikaigiza mpaka sauti ya kijana: "Waliyanunua kabla hayajashuka!" Nikapiga makofi. "Jamani, mmewahi kusikia uongo kama huo?"



Bi Mwanahawa ndiye alikuwa mbele ya foleni. Huyu ndiye aliyenisaidia mwanzoni mashine iliponishinda kuwasha, akanionyesha kuvuta mkanda, na hajawahi kuniogopa tangu siku hiyo. Akaangalia ukutani.

"Mwajuma."

"Naam, shikamoo bibi."

"Marahaba. Na hiki kikombe chako kinaruka kwenda wapi?"

Wakuu, nilicheka mwenyewe nikidhani ni utani. Halafu nikaona hakuna anayecheka na mimi. Wananicheka mimi! Mmoja alikalia ndoo yake ili asianguke. Mwingine akawa anapita katikati kanyoosha mikono kama mabawa, "Abiria wa Kang'ata, fungeni mikanda!"

Na Rehema je? Nilimpigia simu hapo hapo anitetee, akakiri. Kule Korogwe hakuwa analia. Alikuwa anabana kicheko. "Dada, ulivyosema kumbukumbu za mafuta ya zamani, nikaona dumu letu hili hapa."

Nikakishusha kikombe. Nikakiweka chini ya meza. Nikawasha mashine ili nisisikie kitu.

Ila wakuu, hapo ndipo ilipouma kweli. Mahindi ya kikombe kile ndiyo niliyokuwa nayategemea kuziba pengo la tiketi. Nikikiacha, mimi ni mwizi na wote wanajua. Nikikitoa, Rehema anabaki Kilole na barua yake ya chuo.

Nikasaga siku mbili bila kikombe. Wiki mbili zinakatika.

Siku ya tatu Bi Mwanahawa akaja na debe lake. Akaangalia ukuta.

"Kiko wapi?"

"Nimekitoa, bibi. Nilikosea."

"Mtoto anaondoka lini?"

Nikamweleza, na pengo nikamweleza. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

"Sasa si ungesema! Kirudishe. Lakini jina la mafuta lisitajwe hapa. Sema cha Rehema. Tukijua tunampa nani, mkono hauumi."

Nikakirudisha. Na wakuu, niseme jambo ambalo mpaka leo linanitoa jasho. Enzi za mafuta nilikuwa nachota mimi, nao wanakitazama kikombe kama askari wa mizani. Enzi za Rehema walichota wenyewe. Walikilundika mpaka mahindi yanamwagika sakafuni.

Mahindi nikayauza gulioni. Nikarudi Korogwe kabla ya wiki mbili kuisha. Kijana wa tiketi aliponiona alisimama kabisa.

"Dada, ile nyongeza bado haijashuka."

"Naelewa mwanangu. Kata tu."

Nikailipa yote, mdomo umefungwa. Rehema kaondoka, kafika salama, analalamikia pilipili.

Siku niliyopata habari kuwa amefika nilikitoa kikombe mbele ya foleni. Sasa nanywea uji. Bi Mwanahawa akasogea, akapapasa ukuta.

"Na msumari?"

"Huo si msumari tu, bibi?"

"Ng'oa. Msumari ukibaki, kikombe hurudi."

Nikang'oa kwa nyundo, wamesimama wananiangalia mpaka ukatoka.

Nilichojifunza ni hiki: watu hawakunichukia kwa kuchukua, walichukia kusingiziwa dizeli. Wangeambiwa ukweli wangetoa zaidi ya nilichokuwa nawaibia.

Haya, nisemeni, nimezoea. Ila mwenye duka, mwenye basi, mwenye nyumba ya kupanga, kwanza tuambie kikombe chako kinaitwaje. Na kama humu yupo mtu wa mashirika ya ndege, nyundo ninayo, naazima bure.