Besi wa Bwawa la Mama Nai

Niliondoka Sakina, pembezoni mwa Arusha, kwa sababu ya mwizi ambaye sikuamini kuwa ni mtu.

Habari zake nilizipata kwa Fundi Eliya, ambaye hunipa pembe ya kulala katika banda lake la kutengeneza pikipiki kando ya barabara ya Nairobi kila nikipita Arusha. Alikuwa anasafisha kabureta huku akinisimulia mambo ya shangazi yake, Mama Nai, mjane anayekaa juu ya Makumira. Mama huyo ana bwawa la zamani lililochimbwa na mlowezi. Alikuwa ameweka humo vifaranga vya samaki aina ya perege mara mbili, na mara mbili vikaisha bila kuonekana hata gamba. Wiki hiyo alikuwa ameweka tena. Na mwizi alishamtaja: jirani yake, mfugaji Mwarusha aitwaye Baba Lomayani. Mama Nai alikuwa amemzibia kwa miiba njia ya kunyweshea ng'ombe bwawani, na Jumapili baada ya ibada angempeleka mbele ya wazee.

"Ila anasema asubuhi maji yanapasuka, pwaa! Kama mtu katupa jiwe," Eliya alisema. "Akitoka nje haoni mtu."

"Pwaa moja, au kama mvua?"

"Moja. Kubwa. Wewe vipi, mbona umesimama?"

Nilisimama kwa sababu sauti hiyo naijua. Zamani nilikuwa utingo wa lori. Likatufia Naivasha, nikabaki huko miezi nikiosha boti za watu wanaovua kwa starehe. Samaki waliyemfuata anaitwa besi. Ni wa kijani, mdomo wake mpana kama mfuko, na hataki ugali wala unga wa ngano. Anakula kinachokimbia: chura, kaa, kifaranga cha samaki mwenzake. Walowezi waliwapeleka sehemu nyingi kwa ajili ya kujifurahisha. Shule niliiacha darasa la sita, lakini swali likishanishika haliniachi.

"Eliya, nichomelee mkono wa rili yangu," nikasema. "Kesho naenda kwa shangazi yako."

Asubuhi ya Alhamisi nilifunga fimbo yangu ya kuvulia kwenye fremu ya baiskeli. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, niliifunga kwa kitambaa kwa sababu mkono wake ulikuwa umechomelewa kwa chuma chakavu. Kwenye kopo la kahawa niliweka chambo bandia: chura wa mpira, kijiko cha bati kinachong'aa, na minyoo miwili ya plastiki ya rangi ya zambarau. Nikalikata jiji mapema kabla magari hayajajaa, nikashika barabara ya Moshi, mlima ukiwa kushoto kwangu umevaa wingu kiunoni.

Tengeru nilisimama kula ndizi. Wauzaji wa parachichi waliiangalia fimbo ile kuanzia shina mpaka ncha.

"Kaka, hiyo antena?" mmoja akauliza.

"Ya kuvulia samaki."

"Huku juu? Unaenda kuvua mawingu?"

Walicheka mpaka nikapata parachichi la bure.

Makumira niliiacha lami, nikapandisha. Njia inapita kati ya migomba na kahawa, mifereji ya maji inaivuka kila mara, na baiskeli nikaisukuma zaidi ya kuiendesha. Mama Nai nilimkuta anapalilia, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira.

"Shikamoo mama. Nimetumwa na Eliya."

"Marahaba. Eliya ametuma polisi au mganga?"

Nikamweleza habari za besi. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe. Kisha akanipeleka bwawani. Lilikuwa limezungukwa na matete, maji safi kabisa, na ndani yake visiki vya miti iliyozama. Nyavu haziwezi kupita hapo bila kuchanika, ndiyo maana hakuna aliyewahi kujua kilichomo. Upande wa chini rundo la miiba lilikuwa limefunga njia ya ng'ombe.

"Mwanangu, mimi maneno nimeyachoka," alisema. "Nionyeshe huyo samaki. Usiponionyesha, Jumapili nasimama mbele ya wazee na nasema nilichosema."

Jioni hiyo nilimwamkia Baba Lomayani. Alikuwa anawarudisha ng'ombe kutoka mtoni, mbali chini, na ndama mmoja alikuwa anaburuta miguu.

"Wewe ndiye wa fimbo?" akauliza. "Ero, kijana, sikiliza. Mimi samaki sili. Baba yangu hakula, na babu yangu akimwona alitema mate. Nikaibe nikafanye nini?"

"Mama anasema unawauza Tengeru."

"Nitawabebaje? Hata gunia lao nisingeligusa!" Akamwangalia ndama. "Mambo ya wazee siyaogopi. Lakini huyu akiendelea kutembea hivi hafiki mwisho wa kiangazi. Nitauza niondoke."

Hapo nikajua kwamba sikuja kuvua kwa starehe.

Ijumaa alfajiri nilianza na chura wa mpira. Unamtupa karibu na matete, unamwacha atulie mpaka viwimbi viishe, halafu unamtikisa kidogo. Mara ya tatu maji yakapasuka, pwaa! Nikavuta palepale. Chura akarudi akiruka hewani na kunipiga kifuani. Kosa ni langu: besi akimpiga chura lazima umpe muda wa kufunga mdomo. Nikamtupa tena na tena, lakini aliyeshtuka hakurudi. Kijiko cha bati kilikwenda vizuri mara kadhaa, kisha kikanasa kwenye kisiki na mshipi ukakatika.

Mama Nai aliniletea chai. "Huyo samaki wako ana jina, ana mdomo, ana tabia. Mwili tu ndio hana."

Mchana nikageukia mnyoo. Namna yake ni hii: risasi ndogo ya kuzamishia inatangulia kwenye mshipi, halafu ndoano, na ncha ya ndoano unaificha ndani ya mwili wa mnyoo ili isinase kwenye majani. Unauacha uzame, unauinua kidogo, unauacha tena, kama kitu kinachotambaa chini. Besi mmoja alikuja. Nilimwona! Maji yalikuwa safi kama dirisha. Akausogelea mnyoo, akasimama mbele yake, akauona mshipi, akageuka polepole kama mtu aliyekataa bidhaa dukani. Mwingine aliuchukua lakini akaingia nao chini ya kisiki, na huko ndiko mshipi ulikobaki. Nikarudi na mnyoo mmoja koponi.

Sikulala njaa, lakini sikusikia utamu wa ndizi. Nilikaa nikiwaza yale maji. Naivasha tulikuwa tukiwatafuta besi pale maji machafu yanapokutana na masafi, kwa sababu hapo wanajificha na kuvizia. Kwa nini haya yalikuwa safi hivi? Kesho yake nilipopita kwenye miiba nikaona alama za kwato za zamani zilizokauka ukingoni. Nikaketi chini nikacheka peke yangu. Nikaenda kwa Baba Lomayani mbio.

"Baba, naomba ng'ombe."

"Umekosa samaki, sasa unataka ng'ombe?"

"Waingie bwawani wanywe. Wachafue maji. Vyura na kaa watatoka kwenye matope, na mwizi atawafuata."

Alifikiri, akaikwaruza ardhi kwa fimbo yake. "Ng'ombe zangu hawaingii kwa mtu aliyeniita mwizi. Mpaka aniite mwenyewe."

Nikapanda kwa Mama Nai.

"Yaani nimtolee mwizi miiba ili tumkamate mwizi?" akasema.

"Asubuhi moja tu, mama. Nikishindwa, miiba nairudisha kwa mikono yangu, na kesho kwa wazee nasema nilikosea."

Alivaa buti, akateremka, akaanza kuvuta miiba yeye mwenyewe. Mwanya ulipopatikana, akasimama mikono kiunoni, akapaza sauti kuelekea upande wa pili.

"Baba Lomayani! Lete hao ng'ombe wanywe!"

"Unasemaje? Upepo huu sisikii!"

"Umesikia vizuri!"

Walikuja. Ndama akatangulia, akaingia mpaka magotini, akanywa bila kuinua kichwa. Nyuma yake kundi likajaa, na maji ya ukingoni yakawa rangi ya chai ya maziwa. Wingu lile la tope likatanuka mpaka kwenye kisiki cha kwanza. Nilingoja. Mkono ulitaka kurusha, nikaukataza. Kaa mdogo alipopita akikimbia, na nyuma yake maji yakainuka kama mgongo wa paka, ndipo nikautupa mnyoo wa mwisho pale tope lilipokutana na maji safi.

Ukazama. Nikauinua. Tk, tk. Kama mbuzi anayeonja kamba. Nikahesabu pumzi, mshipi ukaanza kutembea wenyewe kwenda kando, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Besi akaruka juu ya maji, mdomo wazi, akitikisa kichwa. Ng'ombe wakashtuka. Akashuka na kuelekea kisiki, nami nikailaza fimbo pembeni nimgeuze. Akageuka. Nikakunja, na mkono wa rili ukang'oka pale alipouchomelea Eliya.

"Rudi nyuma!" Baba Lomayani alipiga kelele. "Vuta kama ndama!"

Nikaachana na rili, nikaubana mshipi kwenye fimbo na kutembea kinyumenyume kupanda ukingo, kati ya ng'ombe, yeye akiwasukuma kando ili nipite. Samaki alifika kwenye maji ya kina kifupi, akaanza kujipigapiga.

"Mama, mshike! Dole gumba ndani ya mdomo, taya la chini!"

Mama Nai aliingia majini na buti zake, akainama, akatumbukiza dole gumba na kumwinua. Besi akanyooka mkononi mwake, mzito, mstari mweusi ubavuni, ametulia kabisa kama wanavyotulia wakishikwa hivyo.

Akampasua palepale juu ya jiwe. Tumboni mlikuwa na mguu wa chura na vifaranga vya perege, vingine bado vinang'aa. Baba Lomayani aliwageukia ng'ombe wake, akajifanya anakagua kwato.

Mama Nai alinawa mikono, akapanda mpaka kwenye ua wa shamba, akarudi na jani la isale, lile ambalo kwa Wameru ukiletewa huwezi kuukataa msamaha. Alilishika kwa mikono miwili. Mkono mmoja bado ulikuwa na magamba.

"Baba Lomayani. Nimekosa."

Yeye alilitazama jani, akaitazama mikono, akarudi hatua moja.

"Hilo nalipokea," akasema. "Lakini mama, ungenawa tena kwanza."

Jumapili walikwenda kanisani, na wazee hawakupewa kesi. Mimi nilibaki bado kidogo nikimfundisha Mama Nai kuficha ncha ya ndoano, kwa sababu mle ndani wezi walikuwa wengi na yeye alikuwa ameapa kuwamaliza wote. Minyoo tuliitengeneza kwa mpira wa tairi la ndani, besi hawakubagua. Rili aliifungia mkono mpya wa kijiti cha mti wa kahawa.

Nilipopita Tengeru nikirudi, wale wa parachichi walinikumbuka.

"Kaka, antena iko wapi?"

"Nimeiacha kazini."

Nimetembea sana na nimejifunza vitu vingi ambavyo havijanisaidia, lakini hiki nakishika: huwezi kumkamata anayevizia kwenye maji uliyoyafungia watu wasiyaguse. Siku hizi nikikutana na mtu amekwama, kabla sijafungua kopo langu la chambo, huuliza kwanza ni nani aliyezibiwa njia.

Miiba ya Mama Nai niliiona wakati naondoka. Ilikuwa imechomwa, na ndama alikuwa amelala juu ya jivu lake.