Mama Futi Alipopima Basi

Mama Futi hatoki nyumbani bila utepe wa kupimia shingoni. Ni fundi makochi, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi: upande mmoja marobota ya vitambaa, upande wa pili sponji hadi darini, katikati kochi lililovuliwa nguo likisubiri kuvishwa. Akikusalimia, ujue ameshakipima kiti ulichokalia.

Mimi ni dalali wa magari. Nilianza kwa kuosha vioo vya magari ya watu, leo nayauza. Simwiti mtu mwema mpaka nimwone akilipa. Huyu mama nimemwona.

Mumewe alikuwa mwashi. Jukwaa lilikatika akaanguka kutoka ghorofa ya pili, wakamtia vyuma mgongoni, na tangu hapo anatembelea kiti cha magurudumu. Binti yao alizaliwa na miguu isiyo na nguvu, naye ana chake. Basi nyumba ikawa na watu watatu, viti viwili na mgongo mmoja wa kuwabeba. Teksi ikija, Mama Futi ndiye anayemnyanyua mume, kisha binti, kisha viti. Hapo ni kama dereva hajakumbuka ghafla kwamba ana abiria kwingine.

Mwaka jana mgongo ukagoma. Daktari akamwambia, "Mama, ukiendelea kubeba watu, nyumba yako itahitaji kiti cha tatu. Na hapo atasukuma nani?"

Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka hospitali, anatembea kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

"Shemeji," akaniambia, maana mimi na mumewe tumekua pamoja, "nataka gari ambalo watu wangu wataingia wakiwa wamekaa kwenye viti vyao."

"Una kiasi gani?"

"Nina mikono."

"Mikono haiandikwi kwenye hati ya mauziano."

"Wewe nitajie bei, mengine niachie."

Nikamtajia. Akakunja utepe wake, akaenda.

Nilidhani atapitisha daftari la michango. Wapi! Alibandika karatasi mlangoni: LETA KITI CHAKO KIBOVU. PESA YA KAZI HII NI YA GARI LA MUME WANGU NA BINTI YANGU. HATUPUNGUZI BEI. Binti, anayesomea uhasibu chuoni, akafungua akaunti ya gari tu, na kila Jumamosi akawa anaandika salio ubaoni, kila mpita njia alione.

Nilimwonya kuhusu ule mstari wa mwisho. "Mtu asipopunguziwa anajiona kaibiwa."

"Wewe una viti vinne vya mezani, sponji zinachungulia nje," akanijibu. "Niliviona siku ya msiba wa mama yako. Vilete."

Nikavileta. Nilipofungua mdomo kuuliza bei ya jumla, akanyoosha kidole kwenye karatasi. Nililipa bei kamili, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu nijue kuhesabu.

Watu walileta. Kinyozi alileta kiti chake cha kuzunguka, wateja wakakaa kwenye ndoo siku mbili bila kunung'unika. Mjane wa nyumba ya pili, asiye na kiti kibovu, alileta kigoda cha mbao tupu akataka kivishwe sponji. Fundi wa kuchomelea alisema hana kiti wala pesa, ila daraja la kupandia gari atalitengeneza yeye, na chuma chake. Mume naye alikaa pembeni na koleo tangu asubuhi, aking'oa pini kuukuu. "Zamani nilikuwa najenga nyumba," akiwaambia wateja, "sasa nabomoa viti. Nimepanda cheo."

Ikachukua miezi kumi na mmoja.

Nikampata muuzaji mwenye basi dogo la mlango wa nyuma. Nilimbana siku tatu mpaka bei ikashuka kuliko nilivyotarajia. Mama Futi akaja na utepe wake. Akapima upana wa mlango, kimo chake, sakafu, kisha viti vyote viwili, magurudumu mpaka ncha ya mgongo wa kiti. "Vinaingia," akasema. Tukatia saini.

Siku ya kulileta nyumbani, wote waliochangia walijaa nje ya karakana. Binti akapanda daraja kwanza, akaingia, makofi yakalia. Mume akafuata. Magurudumu yalipita vizuri. Kichwa hakikupita. Kiligonga ukingo wa juu wa mlango, na kila mtu alisikia.

Mama Futi alikuwa amepima viti kama anavyopima makochi: vikiwa vitupu. Nami dalali mzima, nikifurahia bei, sikujiuliza kwa nini basi lenye paa fupi linauzwa rahisi. Na mume kuinama ndiyo hawezi, kwa vile vyuma vya mgongoni.

Mume akajishika paji la uso. "Mke wangu, miaka ishirini unapima makochi. Hujawahi kujiuliza watu wanayafanyia nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Futi hakucheka. "Nimechezea pesa za watu," akasema.

Tulirudi kwa muuzaji saa ileile. Alikuwa na basi la paa la juu, lakini tofauti ya bei ilikuwa miezi minne ya viti. Nikaanza kazi yangu: nikalalamika, nikaondoka mara mbili na kurudi, nikamtajia wateja wote niliowahi kumletea.

"Ndugu yangu, kilichouzwa kimeuzwa," akasema. "Na sahihi yako ipo."

Kugeuka, Mama Futi hayupo. Alikuwa kwenye basi jingine pale uani, ametia kidole kwenye kiti kilichochanika.

"Yenye viti kama hivi unayo mangapi?" akauliza.

"Matatu. Hayanunuliki. Mtu akiona kiti kimechanika anadhani na injini iko hivyohivyo."

"Nitayavisha yote. Kitambaa changu, uzi wangu. Chukua basi letu la paa fupi, nipe lile la paa la juu."

"Na kiti changu cha ofisini."

"Na kiti chako cha ofisini."

Muuzaji akanitazama. Nilifunga mdomo, maana kunapouzika vizuri dalali hana cha kuongeza.

"Sawa," akasema. "Ila kwanza mleteni mzee apimwe akiwa amekaa. Sitaki kurudishiwa gari mara ya pili."

Mimi na fundi wa kuchomelea tulimpakia mume kwenye teksi kwa mikono yetu. Nilimbeba mara moja tu, kiuno kikaniuma siku nne. Mke wake alimbeba miaka tisa.

"Vua kofia," Mama Futi akamwambia, utepe mkononi.

"Siivui. Ipimwe na yenyewe."

Ikapimwa. Ikapita, inchi tatu zikabaki.

Ukingo wa juu wa mlango wa basi lile Mama Futi ameuvisha sponji, na juu yake ameshona mabaki ya kitambaa cha kila aliyeleta kiti, hata cha kile kigoda. Changu kiko kona ya kushoto. Nimehakikisha.

Jumatatu ya kwanza nilikuwepo wakienda chuoni. Binti alipofika kwenye daraja, mama yake akainama na kunyoosha mikono, kwa mazoea.

"Mama," binti akasema, akikisukuma mwenyewe kiti chake hadi ndani, "wewe funga mlango tu."