Kabla Hujaitwa Daktari

Kuna Jumamosi moja ya London ambayo nikiikumbuka, mwanangu, magoti huanza kuniuma hata kabla sijainuka kitini. Keti hapa karibu na moto. Kesho nyumba itajaa watu wa kukuaga na mimi bibi yako sitapata nafasi ya kusema. Tena nimechoka, kwa hiyo sitarudia.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa msichana wa hapa kwetu Mogogosiek niliyepelekwa Uingereza kusomea uuguzi. Tulifanya kazi wodini kama punda, na siku hiyo moja ya mapumziko nilipanga kulala mpaka mchana, kisha nikaone jumba la malkia na mto wao mkubwa, ili nikirudi niwe na cha kusimulia. Lakini nilikuwa nimetumwa. Siku ya kuondoka, jirani yetu Mama Kiprono alinivuta kando, kwenye shamba la majani chai, akaniomba nimtafutie mwanawe.

Kiprono alikuwa amenitangulia London kusomea udaktari. Nilikuwa mtoto alipoagwa, lakini sherehe ile siwezi kuisahau. Ng'ombe alichinjwa, mchungaji akaomba, na kabla jua halijatua watu walikuwa wameshaacha kumwita kwa jina. Alikuwa Daktari, na bado hata ndege hajaiona! Baba yake mwenyewe alimwita hivyo. Miaka ikapita, kisha barua zake zikakoma.

Basi nikaingia treni za chini ya ardhi, nikapotea, nikarudi nilikotoka, nikapotea tena. Mvua yao si kama hii yetu ya alasiri, inayonyesha ikaisha. Ile hunyunyiza mchana kutwa kama mtu asiyejua anachotaka. Jumba la malkia nililiona kupitia dirisha la basi, likapita. Nilikasirika, sitakuficha. Nilimkasirikia Kiprono na mama yake pia.

Kwenye nyumba ya kupanga iliyoandikwa kwenye barua yake ya mwisho, nilimwulizia mwenye nyumba Daktari Kiprono. Akanitazama juu mpaka chini, akasema hana daktari yeyote, ila yuko Kiprono mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, pale kwenye kona.

Nikamkuta nyuma ya kiwanda akipakia mikate kwenye gari, unga mpaka kwenye nyusi. Uso ule niliujua, ulikuwa wa mama yake. Nikaita kwa furaha, "Daktari!"

Hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yaliyoshuka.

Tuliketi juu ya kreti. Akaniambia alifeli mtihani wa mwaka wa pili, akarudia, akafeli tena, wakamtoa.

"Si ungerudi tu nyumbani," nikasema.

"Nirudi kama nani? Ng'ombe alishaliwa. Wewe mwenyewe umeniita nani sasa hivi?"

Akaniomba nimwambie mama yake kwamba sikumpata.

Miguu yangu ilikuwa imevimba na njaa ilikuwa inaniuma. Sikuwa na nguvu za kumbembeleza wala za kumtungia uongo mama wa watu. Nikamwambia tu maneno niliyopewa kule kwenye majani chai: "Mama yako alisema nikikupata nisikuulize habari ya masomo. Alisema nimwangalizie kama unakula. Na nikuite Kiprono, maana kule nyumbani ni yeye peke yake amebaki akikuita hivyo."

Alilia, mwanangu. Mwanamume mzima, unga usoni, wenzake wakimtazama, alilia mpaka na mimi nikalia.

Alirudi mwaka uliofuata. Nilisimuliwa baadaye kwamba mama yake alimngoja barabarani na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kumpokea mtu aliyefika salama. Kibuyu hicho alikuwa amemwekea miaka yote hiyo, akikiosha na kukifukiza. Akamwambia, "Kiprono, umekonda. Kunywa." Lakini baba yake hakuwepo barabarani. Alikuwa amezikwa wakati mwanawe anapakia mikate na kuona haya. Hilo Kiprono hakujisamehe, na mpaka uzee wake tukikutana sokoni alikuwa bado analitaja.

Sasa sikiliza. Tangu matokeo yako yatoke, wajomba zako wanakuita Daktari, na wewe unacheka. Usiwalaumu, ni furaha tu. Lakini jina hilo usipande nalo ndege, ni zito na bado si lako. Kasome kwa bidii. Ukifaulu, tutapiga vigelegele mpaka Kericho wasikie. Ukishindwa, tuambie upesi urudi, usikae huko ukitafuta kwanza cha kutuonyesha. Ng'ombe wa kesho tunamla kwa furaha yetu wenyewe, na hakuna atakayekuja kukudai nyama.

Mungu akutangulie katika miji ya watu. Akupe rafiki wa kukuuliza kama umekula, akurudishe mlangoni mwangu ningali hai. Na kesho, wote wakisimama kukupigia makofi na kukuita Daktari, tega sikio. Kutakuwa na sauti moja ya kizee kule nyuma, inakuita Chebet.