Shimo la Baba Muriithi

Naikumbuka asubuhi moja ya ukungu huku kwetu Kibugu, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu bado hunichemka.

Nilikuwa msichana. Dada yangu Wanja alikuwa mbele yangu, kikapu cha majani chai mgongoni, tukifuata kijia ambacho kila mtu alikipita kwenda kituo cha chai. Kilipita pembeni mwa shamba la jirani yetu Baba Muriithi, mzee wa kanisa. Kando ya kijia hicho alikuwa amechimba shimo la choo, akaliacha wazi akingoja fundi. Nilisikia Wanja akipiga yowe, kisha kishindo. Nyonga ilivunjika.

Baba Muriithi alikuja hospitalini na mkungu wa ndizi.

“Poleni sana. Ni mapenzi ya Mungu, tumwachie yeye.”

Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alisimama. “Baba Muriithi, usimsingizie Mungu. Shimo umechimba wewe.”

Na unajua watu walimlaumu nani? Mama! Eti ni aibu kumshtaki ndugu wa kanisa. Hebu niambie, aibu hapo ilikuwa ya nani?

Tulienda kortini Embu. Wakili wa Baba Muriithi akasema shamba ni la mteja wake, hakumkusudia mtu mabaya, na msichana angetazama anapokanyaga. Hakimu, mama wa makamo, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Baba Muriithi.

“Ulijua watu hupita hapo?”

“Ndiyo, Mheshimiwa. Kila siku.”

“Kabla ya msichana huyu, kuna kitu kiliwahi kuanguka?”

“Mbuzi wangu.”

“Ukafanya nini?”

“Nikamtoa, nikamfunga upande ule mwingine wa boma.”

“Kwa nini?”

“Asianguke tena.”

Mbuzi alihamishwa, mwanangu! Watu wakaachwa waendelee kupita.

Hakimu alisema hakuna aliyemshtaki kuwa ana roho mbaya. Lakini mtu akijua wengine wanapita karibu na hatari aliyoiweka yeye, ana wajibu wa kuwakinga, kama mtu yeyote mwenye busara angefanya. Mbao chache zingetosha. Hakuziweka, na Wanja akaumia kwa sababu hiyo hasa. Fidia ilipunguzwa kidogo, maana Wanja naye alikuwa akikimbia kwenye ukungu. Hilo tulilikubali, ni kweli alikimbia. Baba Muriithi alilipa. Lakini dada yangu hakubeba kikapu tena, na hadi leo anatembea kwa mkongojo.

Basi nisikilize. Ukichimba, ukijenga, ukiendesha pikipiki, ukifuga mbwa mkali, jiulize ni nani anaweza kuumia, halafu ufanye kitu siku hiyo hiyo. Kusema “sikukusudia” hakuungi mfupa. Na wewe ukiumizwa na uzembe wa mtu, usikubali kunyamazishwa kwa maombi. Mimi nilimsamehe Baba Muriithi, tena kwa moyo wote, lakini kusamehe hakumwondolei mtu deni la alichokivunja. Anayekwambia vinginevyo, muulize kama aliyelala hospitalini ni mtoto wake.

Nenda, mwanangu. Mungu aulinde mwili wako, akupe majirani wanaokufikiria, na popote utakapoweka mkono wako, pasitoke kilio cha mtu.