Latifa Hakutaka Kuitwa Mwanaume

Latifa binti Hamadi alizaliwa Kasongo, mashariki mwa Kongo, katika nyumba ya wauza vitambaa. Alipoanza kusomea kilimo kwenye chuo cha hapo mjini, walikuwa wasichana wanne tu darasani. Aliyazoea maneno ya wenzake: msichana akipata alama mbaya, ni kwa sababu ni msichana, akipata nzuri, ana akili ya kiume. Wavulana walisema hivyo kwa upole, hata kwa mapenzi, na hakuna aliyewakataza.

Mwaka wa tatu walitumwa kijijini Wamaza kupima mashamba ya mihogo: yeye na wanafunzi wenzake wawili, Grégoire na Théophile. Walifika kwa pikipiki, wamejaa vumbi. Wenye mashamba walipoona kamba ya kupimia, walikataa. Watu wa kamba, walisema, huwa wametoka kwenye migodi ya Salamabila kutafuta dhahabu, na baada yao shamba linageuka shimo. Théophile alieleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, lakini wapi, hawakukubali.

Latifa akasalimu kwa Kibangubangu, lugha ya wenyeji, aliyofundishwa na bibi yake, mama wa mama yake. Akauliza ni ugonjwa gani unaokausha majani ya mihogo yao. Mazungumzo yakachukua asubuhi nzima, na mchana wenye mashamba wakaishika kamba wao wenyewe.

Théophile alifurahi sana. "Latifa," alisema mbele ya wote, "weye ni mwanaume kabisa."

Latifa aliendelea kuandika vipimo. Neno lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Jioni Théophile ndiye aliyepika. Sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, ilikuwa laini, imekolea mawese, na Grégoire aliifuta sahani kwa tonge la mwisho la bugali. Latifa akasema kwa utulivu, "Théophile, weye ni mwanamke kabisa."

Grégoire alicheka hadi akapaliwa. Théophile hakucheka. Aliuliza amemkosea nini hata amtukane.

"Haiko tusi," Latifa alimjibu. "Nimekusifu vile ulinisifu mchana."

Théophile akatazama moto. Baadaye akasema kwamba mapishi hayo alifundishwa na baba yake, aliyewalea watoto wake peke yake, na majirani walikuwa wakimcheka baba huyo. Hajawahi kumwambia mtu. Latifa akamwomba amweleze anavyotwanga sombe, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kupika, jambo linalomsikitisha mama yake kila siku. Wakacheka wote watatu.

Chuoni, siku ya kutoa ripoti, Théophile alisimama kumtambulisha Latifa. "Kazi hii imewezekana sababu ya Latifa. Yeye ni..." Akasita, akakuna kichwa. "Anajua kusikiliza watu."

Wavulana wa nyuma bado wana maneno yao. Lakini Latifa alikwenda mbele ya ubao akitabasamu, akaanza kusoma vipimo vya Wamaza kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, iliyosikika hadi mlangoni.